Vichupa vya kupimia endotoksini: nyota nne, ya tano nimeibana

Nimevinunua mara mbili kwa fedha za kituo na nimevitumia miezi kumi na moja, kwa hiyo haya si maneno ya kwenye boksi. Nazungumzia vile vichupa vya kioo vya kupima endotoksini, sumu iliyo kwenye utando wa nje wa bakteria, ndani ya maji: unatia maji, unaweka kwenye joto saa moja, unapindua juu chini, unaangalia kama kumeganda. Jina la kampuni silitaji, na la wakala aliyeniuzia ndiyo kabisa, maana nina malalamiko na sitaki kupigiwa simu. Vya kampuni zote vinafanya kazi kwa njia ileile na vina kiburi kilekile, kwa hiyo hutakosa kitu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara katika kituo cha kusafisha damu hapa Dar es Salaam. Tuna mashine kumi na mbili na zamu tatu kwa siku. Mgonjwa wa figo akilala kwenye mashine saa nne, maji yanayopita upande wa pili wa chujio lake ni karibu lita 120, na anakuja mara tatu kwa wiki. Sisi wengine tunakunywa lita mbili tatu kwa siku na tuna tumbo la kutukinga. Yeye, kati ya damu yake na maji yale pana utando mwembamba tu. Ndiyo maana hatumpi maji ya bomba hivihivi. Yanapita kwenye mchanga, kwenye mkaa, kwenye mtungi wa kulainisha, halafu kwenye RO, utando unaochuja maji kwa shinikizo, ndipo yanazungushwa kwenye bomba za ukumbini.

Mpaka mwaka jana nilikuwa nayaamini maji hayo kwa kuangalia sahani za kuoteshea bakteria. Kila mwezi nachukua sampuli, naotesha, nahesabu kilichoota, naandika kwenye rejista. Sahani zangu zilikuwa safi kama sahani za harusi kabla pilau haijafika. Kisha wagonjwa wa mashine za mwisho wa ukumbi wakaanza kutetemeka. Mtu anafungwa mashine akiwa mzima anapiga soga, saa moja baadaye anaomba blanketi, joto linapanda, shinikizo la damu linashuka. Daktari akaagiza damu zao zioteshwe. Hakuna kilichoota. Sista wa zamu akanijia maabara na glavu zake mkononi.

"Mama Salma, maji yako yana nini?"

"Sista, maji safi. Njoo uone sahani."

"Sahani sizitaki. Watu wananitetemekea."

Nilikasirika, nisidanganye. Lakini usiku ule nilirudi kwenye madaftari ya chuo, nikakumbuka kitu nilichokariri kwa ajili ya mtihani na kukisahau siku ya pili yake.

Bakteria wa Gram-hasi, wale wanaotoka pinki kwenye rangi aliyoibuni Hans Christian Gram mwaka 1884, wana tando mbili. Ule wa nje ndio wenye vituko. Tando nyingi za viumbe zina mafuta ya jamii moja pande zote mbili. Huu wa nje una upande wa ndani wa kawaida na upande wa nje wa ajabu. Kwa ndani kuna fosfolipidi, yaani mafuta ya kawaida ya tando: kwa E. koli, bakteria wa utumbo wetu, karibu robo tatu ni fosfatidiletanolamini, moja ya tano hivi ni fosfatidiligliseroli, na kardiolipini kidogo. Kwa nje, panapokutana na dunia, fosfolipidi karibu hazipo. Pale pamepangwa lipopolisakaridi, kama molekuli milioni moja kwa bakteria mmoja, zimebanana kama makuti ya paa jipya. Wanasayansi Kamio na Nikaido kule Berkeley, Marekani, walilionyesha jambo hili mwaka 1976 kwa bakteria wa Salmonela: waliwawekea vitu vya kunasa fosfolipidi kutokea nje, na vikakosa cha kunasa.

Kila lipopolisakaridi ina mkia mrefu wa sukari unaoelea nje, na chini ina nanga ya mafuta iliyozama kwenye utando. Nanga hiyo ndiyo lipidi A. Ya E. koli ina sukari mbili za glukosamini, fosfati mbili, na mikia sita ya asidi za mafuta, mitano ya kaboni 14 na mmoja wa kaboni 12. Richard Pfeiffer, aliyeliweka jina la endotoksini mwaka 1892 akichunguza kipindupindu, hakujua habari za mikia. Alichoona ni kwamba bakteria waliokwisha kufa bado wanaua wanyama wake wa maabara. Mwili wa binadamu ukikutana na lipidi A kwenye damu unapiga yowe la mwizi, na yowe lenyewe ndilo lile blanketi na lile joto.

Sahani zangu zilihesabu bakteria walio hai. Maiti zao hazioti kwenye sahani, ila mafuta yao yapo. Nilimweleza Sista hivi: ukishaua kunguni, shuka bado lina madoa yao. Akasema sasa ndiyo naongea.

Basi tukaagiza.

Bei kwanza, kwa sababu ndilo swali la kila mtu. Boksi la vichupa ishirini lilitugharimu laki nane kasoro kidogo, pamoja na usafiri. Ni ghali. Lakini usidhani ndiyo imetosha. Endotoksini ya kulinganishia inauzwa kando, maji yasiyo na endotoksini kando, na vyote viwili ni lazima. Wakala hakuniambia. Nilifungua boksi nikakuta vichupa vimelala peke yao kama yai bila chumvi, nikasubiri wiki tano vingine vije. Nusu ya nyota iliyopungua imeenda hapo.

Nusu nyingine imeenda kwenye ubaridi. Kilichomo ndani ya kichupa ni unga mweupe mdogo mno, kama vumbi la chaki, na unga huo asili yake ni damu. Kuna mnyama wa baharini aitwaye Limulus, wanamwita kaa lakini kwa ukoo yuko karibu zaidi na buibui na nge. Anaishi pwani ya Atlantiki ya Marekani, kuanzia Maine mpaka Yucatán. Kwetu hapa hayupo, hata umuulize mvuvi wa Mafia. Damu yake ni ya bluu kwa sababu inabeba oksijeni kwa shaba. Hana kingamwili kama zetu. Bakteria wakiingia kwenye jeraha, seli zake za damu zinapasuka na kugandisha mahali pale, bakteria wananaswa kwenye donge. Frederik Bang aliliandika jambo hilo mwaka 1956, baadaye akiwa na Jack Levin wakagundua kwamba kinachowasha moto ni endotoksini. Protini ya kwanza kwenye mnyororo, iitwayo faktari C, inashika ile lipidi A, inaamsha ya pili, ya pili inaamsha ya tatu, mpaka maji yanakuwa donge. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo hiki mwaka 1977. Kabla yake dawa za sindano zilipimwa kwa sungura: anadungwa, halafu anakaa na kipimajoto saa tatu.

Protini zikipata joto zinaharibika. Boksi langu la pili lilifika mchana wa Februari, barafu imekwisha kuwa maji, kijana wa pikipiki analifuta jasho kama mgonjwa wake. Nilivijaribu vinne kwa endotoksini ninayoijua, viwili vikagoma. Wakala akasema vichupa havina tatizo, tatizo ni mikono. Baada ya kumtumia picha alinibadilishia nusu. Hiyo nusu nyingine bado tunaandikiana.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo vichupa vilipojilipa.

Siku ya kwanza vyote viliganda. Sampuli ziliganda, na kontroli hasi, yaani yale maji ya kununua yasiyo na kitu, nayo yaliganda. Nilikaa chini. Kontroli hasi ikiganda, wewe ndiye mchafu. Nilikuwa nimechanganyia kwenye neli za kioo zilizotoka kwenye otoklevu, mashine ya kusafisha kwa mvuke, digrii 121, nikijua zimesafika. Otoklevu inaua bakteria na inaiacha lipidi A ilivyo. Ili kuiteketeza unahitaji joto kavu, digrii 250 kwa nusu saa, na oveni yetu inaishia 200. Niliomba oveni kwa watu wa maabara nyingine, nikawa napeleka kioo changu kila Ijumaa kimefungwa kwenye foili kama samaki wa kupaka anayepelekwa kuchomwa kwa jirani. Karatasi ya maelekezo imelitaja jambo hili ukurasa wa nne, kwa herufi za chungu. Lilipaswa kuwa juu ya boksi kwa wino mwekundu.

Na plastiki msiiamini. Ile lipidi ina mikia ya mafuta, inapenda kujibandika kwenye baadhi ya plastiki, hasa polipropilini. Unapima maji, mali imebaki ukutani. Endotoksini ya kulinganishia nayo ukishaitia maji unaitikisa kwenye votexi, kile kimashine cha kutikisia, dakika kumi na tano kamili, kwa sababu molekuli zake zinakumbatiana kwenye mafungu. Ukiitikisa mbili tu, utapata majibu ya kubahatisha. Mimi naweka simu pembeni nacheza kaswida moja mpaka iishe.

Wiki ya tatu nilikuwa nimekwisha kuelewana navyo. Vyangu ni vya unyeti wa uniti 0.125 kwa mililita, yaani vinaganda kuanzia hapo, na kikomo cha maji yetu ni uniti 0.25. Ili uone udogo wake: uniti moja ya endotoksini ya rejea ni sehemu ya kumi ya nanogramu. Nilichukua sampuli tano, kuanzia kwenye mlango wa RO hadi mashine ya mwisho. Ya RO haikuganda. Ya katikati haikuganda. Ya mwisho wa ukumbi iliganda, nikaizimua mara mbili ikaganda, mara nne ikaganda, mara nane ikaganda, mara kumi na sita ikamwagika bila kuganda. Zidisha nane kwa 0.125: uniti moja kamili, mara nne ya kikomo. Sahani ya sampuli ileile ilikuwa tupu.

Sahani pia ilikuwa na makosa yake, ambayo ni yangu. Nilikuwa natumia chakula kizito, digrii 35, siku mbili. Bakteria wa bomba wamezoea maisha ya baridi na njaa. Ukiwapikia biriani hawali. Wanatakiwa agari hafifu kama R2A, digrii 17 hadi 23, siku saba. Nilipobadili, kumi na moja wakaota.

Tulisimamisha kazi, wagonjwa wakahamishiwa kwa majirani, fundi akapitisha klorini kwenye mzunguko wote. Suuza, pima klorini iliyobaki mpaka sifuri, chukua sampuli. Baada ya siku saba, sahani safi, hata zile za R2A. Fundi akaanza kufungasha vifaa. Nikamwambia subiri saa moja. Kichupa kiliganda. Nikazimua mpaka mara thelathini na mbili, bado kimeganda: uniti nne. Maji yalikuwa na bakteria wachache kuliko kabla ya klorini na endotoksini mara nne zaidi. Klorini ilikuwa imewaua walioshikamana kwenye utelezi ndani ya bomba, na walipopasuka wakaachia makuti yote ya paa.

Alipofuatilia bomba kwa mkono, fundi alikuta kipande cha kama mita moja na nusu kilichozibwa mwishoni, mahali palipokuwa na mashine ya kumi na tatu miaka iliyopita. Maji yanaingia, hayana pa kutokea, yanalala. Walipokikata, ndani kulikuwa na ute wa kahawia, unateleza kama bamia. Kikakatwa, mzunguko ukasuuzwa usiku kucha, na mwisho wa mstari tukaweka chujio la ultra, lenye matundu madogo zaidi. Lile la mikroni 0.2 tulilokuwa nalo linazuia bakteria mzima, lakini vipande vya utando wake vinapita. Tangu hapo vichupa vinamwagika kila nikipima, na Sista ananisalimia.

Kwa kazi hiyo peke yake ningetoa nyota sita.

Kuna kisa kimoja zaidi nikiseme kwa ajili ya wale wanaoruka kontroli ili kubana matumizi. Kijana wetu wa mafunzo, nikiwa likizo, alichukua sampuli ya maji kwenye chupa za damu zenye kofia ya zambarau, kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu. Zote hazikuganda, akaandika "salama". Bahati alikuwa amefuata maelekezo na kuweka pia kichupa cha sampuli iliyotiwa endotoksini makusudi. Nacho hakikuganda, wakati kilitakiwa kigande. Aliniandikia: "Dada, hiki kimekufa?" Kofia ya zambarau ina EDTA, na EDTA inakamata kalsiamu na magnesiamu. Vimeng'enya vya Limulus bila madini hayo havifanyi kazi. Kilichonichekesha ni kwamba madini hayohayo ndiyo yanayoshona utando wa nje wa bakteria: fosfati za lipidi A zina chaji hasi na zinasukumana, kalsiamu na magnesiamu zinakaa katikati kama uzi. Ukimwogesha E. koli kwa EDTA anaweza kupoteza karibu nusu ya lipopolisakaridi zake. Kijana alikuwa amemvua bakteria nguo na kumfumba macho askari kwa dawa moja.

Udhaifu wa vichupa vyenyewe upo, na haufichiki. Vinaweza kugandishwa na kitu kingine kabisa, beta-glukani, zinazotoka kwenye kuvu na kwenye machujio ya selulosi, kupitia mlango wa pembeni unaoitwa faktari G. Ukibadilisha chujio la selulosi na vichupa vikaganda ghafla, usikimbilie kulaumu bomba. Kuna dawa ya kuziba mlango huo, agiza nayo.

La pili ni gumu zaidi. Lipidi A hazifanani. Bakteria wa tauni, Yersinia pestis, kwenye joto la kiroboto anatengeneza yenye mikia sita, akiingia kwenye mwili wa mtu wa digrii 37 anabadili na kutengeneza ya mikia minne, na kinga yetu inachelewa kumsikia. Kipokezi chetu cha lipidi A, TLR4, ambacho Bruce Beutler na wenzake walikitambua mwaka 1998 na akapata Nobeli 2011, kinaipenda ya mikia sita na fosfati mbili. Kichupa hakihesabu mikia. Kinakupa uniti kwa kulinganisha na endotoksini ya E. koli, na wakazi wa bomba zangu si E. koli. Kwa hiyo uniti moja ya kwangu na uniti moja ya kwako zinaweza zisimtetemeshe mtu kwa kiasi kimoja. Kwa maji naridhika, kwa sababu sitaki hata chembe. Ila msomaji wa utafiti anayetaka kujua bakteria wake ana lipidi gani, mikia mingapi, fosfati imefunikwa au la, hili si duka lake. Atafute huduma ya spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli.

Kuna pia kipimo kipya kisichotumia damu. Faktari C inatengenezwa maabara, kazi iliyoanzia Singapore, na famakopia ya Ulaya, kitabu cha viwango vya dawa, inakikubali tangu 2021. Hakina mlango wa beta-glukani na hakimsumbui mnyama. Kinahitaji mashine ya kusoma mwanga, ambayo kituo changu hakina, kwa hiyo sitakisema vizuri wala vibaya. Mwenzangu mmoja, mtu wa dini, aliniuliza kama damu ya Limulus ni halali. Nikamwambia hatuli, tunapindua tu.

Nani anunue? Kituo chochote kinachosafisha damu, hata cha mashine mbili. Nani asinunue? Asiye na oveni ya digrii 250 wala jirani mwenye nayo, na asiye na muda wa kukaa saa moja bila kugusa kichupa. Ukikigusa dakika ya arobaini kuona kama kimeanza kuganda, donge linavunjika na halirudi tena. Weka kwenye wota bathi ya digrii 37, nenda kanywe chai.

Boksi la tatu nimeagiza jana, la vichupa hamsini, pamoja na endotoksini na maji yake. Wakala amenihakikishia ubaridi. Nimemwambia asimtume kijana wa pikipiki. Nitakuja mwenyewe alfajiri na kasha langu la barafu, na kipimajoto nitakitia ndani kabla sijasaini.